Mistari miwili, kidonda hakuna: maswali yenu kuhusu magonjwa ya zinaa

Nina mimba ya wiki 16. Siku ya kwanza kliniki nilitobolewa kidole, nikaambiwa nina kaswende. Sijawahi kuona kidonda wala upele. Mume wangu anasema nimeitoa nje. Kipimo kinaweza kukosea? Na sindano haitamdhuru mtoto?
*Mama kijacho, Morogoro*

Dada, tuanze na sindano, maana ndiyo isiyoweza kusubiri. Penisilini ya benzathini ni salama kwa mjamzito, na ndiyo dawa pekee inayoaminika kumtibu mtoto akiwa bado tumboni. Vidonge kama erithromaisini havipenyi kondo la nyuma vya kutosha, kwa hiyo mama anaweza kutibika huku mtoto akibaki na ugonjwa. Kaswende isipotibiwa huharibu mimba, huua mtoto tumboni, au humfanya azaliwe mgonjwa.

Dozi ni yuniti milioni 2.4 kwenye msuli wa tako, mara nyingi nusu kila upande, kwa kuwa dawa ni nzito na inauma. Kwa vile hakuna ajuaye ugonjwa uliingia lini, utachomwa mara tatu, kila baada ya wiki moja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanachoma ya kwanza, hawajisikii kuumwa, hawarudi. Kabla hujaondoka, hakikisha tarehe mbili zilizobaki zimeandikwa kwenye kadi yako. Kama penisilini au ampisilini iliwahi kukuletea vipele, kuvimba midomo au kubanwa pumzi, mwambie muuguzi kabla hajachoma. Usiku wa sindano ya kwanza unaweza kupata homa, baridi na mwili kuuma. Hiyo ni kawaida vijidudu vinapokufa kwa wingi, na huisha ndani ya saa 24. Tumbo likianza kubana kama uchungu, au ukiona damu, rudi kituoni hata kama ni usiku.

Sasa kipimo. Kile cha tone la damu hutafuta kingamwili, na kingamwili hizo hubaki mwilini kwa kawaida maisha yote, hata kwa aliyekwisha kupona. Kwa hiyo aliyewahi kutibiwa anaweza kuonyesha mstari bila kuwa mgonjwa. Kama wewe hujawahi kutibiwa, kutibiwa siku hiyohiyo ndiyo njia sahihi. Hospitali yenye maabara inaweza kuongeza kipimo cha RPR kinachotoa namba: ikishuka kutoka 1:32 hadi 1:8 katika miezi inayofuata, dawa imefanya kazi, ikipanda tena, huenda umeambukizwa upya au dawa haikufanya kazi. Usirudie kipimo cha haraka kuangalia kama umepona, kitakutisha bure.

Na mumeo? Kidonda cha kwanza cha kaswende hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kukaa ndani kabisa ya uke, kikapona chenyewe ndani ya wiki tatu hadi sita bila mtu kujua. Baadaye ugonjwa unaweza kulala kimya miaka mingi, na hata ukiwa umelala bado unaweza kumfikia mtoto. Yawezekana ulikuwepo kabla hamjajuana, kwako au kwake. Hakuna kipimo kinachosema nani alimwambukiza nani, na tunamwomba mumeo alisikie hili kutoka kwa muuguzi mwenyewe. Nenda naye sindano ya pili. Yeye naye apimwe, na kama mmekutana ndani ya miezi mitatu iliyopita achomwe hata kipimo chake kikiwa safi. Mpaka wote mmalize dozi na siku 7 zipite, msikutane.

Siku nne baada ya kulala na msichana nilianza kutoa usaha, mkojo unachoma. Duka la dawa walinipa sipro, ikapungua, sasa wiki ya pili imerudi. Niongeze dozi?
*Dereva wa bodaboda, Mwanza*

Usiongeze. Dalili zako zinafanana sana na kisonono, na vijidudu vyake vimekwisha kuizoea sipro. Miongozo ya matibabu iliiacha zamani. Kupungua kwa usaha si kupona. Nenda kituo cha afya upate sindano ya seftriaksoni, pamoja na dawa ya klamidia, kwa kuwa magonjwa haya mawili hupenda kutembea pamoja. Ukipewa doksisaiklini ni miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 7. Imeze na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa, usilale kwa nusu saa, la sivyo itakuunguza koo. Usiimeze na maziwa wala dawa ya kiungulia, huizuia kuingia mwilini.

Yule msichana, na yeyote uliyekutana naye ndani ya siku 60, watibiwe pia, hata kama hawana dalili. Wanawake wengi wenye kisonono hawahisi chochote mpaka kimepanda kwenye mirija ya uzazi. Pima VVU na kaswende sasa, kisha urudie miezi mitatu tangu siku ile, maana kipimo cha wiki ya pili kinaweza kuwa kimewahi mno.

Nina UTI sugu. Mwaka huu nimemeza dozi nne, kila nikipima mkojo naambiwa seli nyeupe zipo.
*Dada wa Tabata*

Seli nyeupe zinasema kuna mapambano, hazimtaji adui. Klamidia, kisonono na trikomona huzileta vilevile. Mkojo wa UTI huchukuliwa wa katikati; wa kupima klamidia ni ule wa mwanzo kabisa, baada ya kukaa angalau saa moja bila kukojoa. Bora zaidi kwa mwanamke ni pamba ya ukeni. Kopo moja haliwezi kujibu maswali yote mawili. Kabla ya dozi ya tano, omba mkojo uoteshwe maabara. Usipoota kitu, omba uchunguzi wa magonjwa ya zinaa, na mwenzi wako aende nawe.

Kondomu zinatupasukia. Tunatumia mafuta ya nazi.
*Mume na mke, Tanga*

Ni hayo mafuta. Ya nazi, ya mgando, losheni, yote hulegeza mpira ndani ya dakika chache. Tumieni kilainishi cha maji. Angalieni pia tarehe, na msiziweke kwenye pochi wala garini, joto huziua. Bana chuchu ya mbele kutoa hewa kabla ya kuvingirisha. Ukianza upande usio sahihi, itupe, usiigeuze. Baada ya kumwaga, shika pete ya chini na utoke uume ukiwa bado umesimama.

Ikipasuka na mmoja ana VVU au hali yake haijulikani, aliye salama awahi hospitali kupata dawa za kinga. Zinaanzwa mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72, na humezwa siku 28. Kutawadha ndani kwa sabuni au ndimu kunachubua na kuongeza hatari.