Ukitaka kujifunza sheria za kimataifa, anzia Kariakoo

Likizo za vyuo zikikaribia, simu yangu hujaa swali moja. Vijana wanataka kujua ni ipi kati ya programu za asasi zisizo za kiserikali hapa Dar es Salaam, zile zinazofundisha sheria za kimataifa na sera ya mambo ya nje, inayostahili kuwalia Jumamosi zao. Nimekuwa mwezeshaji wa kujitolea katika programu ya aina hiyo kwa muda mrefu sasa, na jibu langu ni fupi. Waulize waandaaji ni karatasi gani utakayoshika mkononi siku ya kwanza. Wakisema cheti kitatolewa mwishoni, endelea kutafuta. Wakisema utapewa mkataba wenyewe, na kalamu ya kupigia mistari, kaa hapo.

Programu nyingi huanza na mchoro wa Umoja wa Mataifa: Baraza la Usalama hapa, Baraza Kuu pale, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague na majaji wake 15. Mtu anaandika, anasinzia, anapiga picha ya pamoja mbele ya bango, anarudi Mbagala bila kuwa amebishana na mtu yeyote. Sheria za kimataifa haziingii kichwani namna hiyo. Zinaingia pale unapokuwa na mgogoro unaokuuma na maandishi yanayoubana.

Mfano wangu ninaoupenda uko Kariakoo. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo utengenezaji wa simu, saluni na uwakala wa kutuma pesa kwa simu. Majirani wakalalamika, hasa Kenya. Darasani nikauliza: je, Mkenya anaweza kufungua kibanda cha kutengeneza simu Mtaa wa Aggrey? Kila mtu alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa la kijiweni. "Kwao mbona wanatubana?" "Sisi si ndugu?" Niliwaacha waseme mpaka wachoke, kisha nikagawa Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, tukafungua ibara ya 13 inayohusu haki ya kuanzisha biashara.

Hapo kelele zikabadilika. Aliyekuwa akitetea amri akakuta itifaki inakataza ubaguzi wa uraia kwa watu wa nchi wanachama. Aliyekuwa akiipinga akakuta kwamba haki hiyo ina mipaka, na kwamba itifaki inakuja na viambatisho vyenye ratiba za nchi ipi imefungua nini na kuanzia lini. Ghafla watu waliokuwa wakirushiana maneno wakaanza kuulizana uko ukurasa gani. Mimi nasema programu inayoweza kufanya hivyo mara moja kwa msimu imeshalipa nauli yako ya daladala.

Swali linalofuata huja lenyewe: nani ataamua? Wengi hutaja "mahakama ya Arusha", na hapa inafaa kutulia, kwa sababu Arusha ni mji wa mahakama zaidi ya moja. Ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, ya Jumuiya. Ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ya Umoja wa Afrika. Na ilikuwepo ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994 na kufunga milango mwishoni mwa 2015; ndiyo iliyotoa hukumu ya Akayesu mwaka 1998, mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Nimewahi kusikia mtoa mada mwenye shahada zake akizichanganya zote tatu katika sentensi moja, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Kuzitofautisha kuna faida yake. Kwa Mahakama ya Afrika Mashariki, ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupinga sheria au uamuzi wa nchi hizo, lakini ndani ya miezi miwili tangu jambo litokee au tangu alipolijua. Miezi miwili! Kijiwe kinakuwa bado kinabishana, mlango umefungwa. Kwa mahakama ya Umoja wa Afrika mambo ni tofauti. Raia au asasi hufika moja kwa moja endapo nchi inayoshtakiwa imetoa tamko la kuruhusu hilo. Tanzania ilitoa tamko hilo mwaka 2010, na kwa njia hiyo Mchungaji Christopher Mtikila akashinda shauri lake la mgombea binafsi Juni 2013. Novemba 2019 serikali ikatoa taarifa ya kulifuta, na ufutaji ukaanza kazi mwaka mmoja baadaye. Kijana akishayajua haya, hatakuambia tena kirahisi kwamba "tutawapeleka Arusha". Atakuuliza Arusha ipi, na kwa ibara gani.

Upande wa sera ya mambo ya nje, jiji lenyewe ni kitabu, na programu inayofungia watu kwenye ukumbi wenye kiyoyozi inapoteza nafasi. Tembea Samora, pita Lumumba, panda gari Mwenge upite Barabara ya Sam Nujoma mpaka Ubungo, kisha ushike ya Mandela kuelekea bandarini. Majina hayo hayakuwekwa kwa mapambo. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa hapa Juni 1962, na Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika uliotangulia Umoja wa Afrika wa leo, iliwekwa hapa kuanzia 1963. Lakini usikubali mwezeshaji anayeishia kwenye fahari. Muulize gharama. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wachache walikuwa wamejitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Wape washiriki kazi hii: wewe ni waziri, nchi ina miaka minne tangu uhuru, utamshauri nini Rais? Utashangaa wangapi wanageuka wahasibu.

Jambo jingine la kupima programu ni kama inakulazimisha kumtetea usiyempenda. Mimi hutumia Ziwa Nyasa. Kwenye ramani za shuleni kwetu mpaka upo katikati ya maji, na wengi wetu hatujawahi kuona haja ya kuujadili. Mpe mshiriki mmoja kazi ya kuwa wakili wa Malawi. Atasoma makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1890, ambayo Malawi huyategemea kudai kwamba mpaka uko ufukweni kwetu. Akiwa hodari atafika pia kwenye azimio la OAU la Cairo la Julai 1964, la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, akute kwamba aliyelisukuma ni Mwalimu Nyerere mwenyewe. Wakili wa Tanzania hapo hutokwa jasho, na ndivyo inavyotakiwa. Atalazimika kujenga hoja badala ya kuimba wimbo.

Mabishano ya kwanza yafanyike kwa Kiswahili. Najua mashindano makubwa ya kuigiza mahakama yanaendeshwa kwa Kiingereza, na lazima ujiandae nayo, lakini aliyeshindwa kuieleza ibara kwa mama yake Manzese bado hajaielewa. Kuhusu ada, sina ugomvi na ada ndogo ya kurudufu nakala na chai. Ninachokitilia shaka ni vifurushi vyenye fulana, begi na ahadi ya kukutanishwa na mabalozi. Kabla ya kutuma pesa, uliza asasi imesajiliwa wapi na nani anafundisha.

Na usisubiri usajili ndipo uanze. Chapisha Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia. Una ibara 53, nyingi fupi, jioni mbili zinatosha. Tafuta humo mahali panaposema kwamba ubalozi ulioko Barabara ya Bagamoyo ni ardhi ya nchi ya kigeni, maana hilo utalisikia kila semina. Hutalipata. Utakutana na ibara ya 22, inayosema maofisa wa nchi mwenyeji hawaingii humo bila ridhaa ya mkuu wa ubalozi. Iandike pembeni tofauti ya mambo hayo mawili kwa maneno yako, uende nayo Jumamosi ya kwanza.