Abiria wangu wa Likoni wanasimama majini

SWALI: Fundi, shikamoo. Natengeneza mchezo wa feri ya Likoni kwa Godot 4, injini ya kutengenezea michezo, na skripti zote ni za GDScript, lugha yake. Abiria, tuktuk na mikokoteni wanapanda upande wa kisiwani na kushuka ng'ambo. Nikihifadhi mchezo kisha niufungue tena, waliokuwa ndani ya feri wanasimama majini, feri inaondoka bila wao, na mara nyingine wanakuwa maradufu. Tena baada ya nusu saa hivi simu yangu ya GB 2 inaanza kukwama, halafu mchezo unajifunga. Rafiki yangu asema lugha za skripti hujisafishia kumbukumbu zenyewe, nisihangaike. Je, nihifadhi kwa JSON (faili la maandishi ya kawaida) au kwa ResourceSaver (kihifadhi cha Godot yenyewe)? Skripti nimeziambatisha. (Kijana wa Kisauni)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Skripti zako nimezisoma zote, na hongera, feri inayumba vizuri kweli. Umeniletea matatizo mawili, lakini mimi naona ni moja: mchezo wako haujaamua abiria ni wa nani. Wakati wa kuhifadhi hujaandika mwenyewe ni nani, na wakati wa kushusha hakuna aliyepewa kazi ya kumwondoa.

Tuanze na hao wa majini. Umeandika `position` ya kila abiria peke yake. Ndani ya Godot, abiria, feri na ramani ni nodi, kila moja ikitundikwa chini ya mzazi wake, na `position`, yaani mahali ilipo, hupimwa kutoka kwa mzazi huyo. Abiria aliye kwenye sitaha amepimwa kutoka kwa feri, tuseme pikseli 40 kulia na 15 chini. Ukiufungua mchezo unamtundika moja kwa moja kwenye ramani, na zile 40 na 15 sasa zinahesabiwa kutoka pembe ya ramani, ambapo wewe umechora bahari. Hajapotea, yuko pale pale ulipomwambia akae. Na feri haimbebi kwa sababu si mtoto wake tena.

Kwa hiyo faili lieleze kila kitu kwa mambo manne: kitambulisho chake, aina yake, mahali alipo, na kitambulisho cha mzazi. Usitumie `get_instance_id()` kama kitambulisho. Namba hiyo ni ya mchezo unaoendelea sasa hivi tu, kesho utapata nyingine. Tunga chako, mfano "abiria_7" au "feri_kwale", na ukipe kitu siku kinapozaliwa.

Kufungua nako kufanywe kwa mizunguko miwili. Ukijaribu kuunda na kuunganisha kwa pamoja, utamkuta abiria anaulizia feri ambayo bado haijaundwa.

```
func fungua(orodha):
	var kwa_id = {}
	for d in orodha:
		var kitu = AINA[d["aina"]].instantiate()
		kitu.id = d["id"]
		kitu.position = Vector2(d["x"], d["y"])
		kwa_id[kitu.id] = kitu
	for d in orodha:
		var mzazi = kwa_id.get(d["mzazi"], ulimwengu)
		mzazi.add_child(kwa_id[d["id"]])
```

`AINA` ni kamusi ya mandhari (scene) ya kila aina. Asiye na mzazi kwenye orodha huangukia `ulimwengu`, nodi ya ramani yako, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa feri zenyewe.

Na hao maradufu? Mandhari yako ina abiria uliowapanga kwa mkono kwenye kihariri. Mchezo ukifunguka wanazaliwa hao, kisha faili linawaleta wengine juu yao. Tia kila kinachohifadhiwa katika kundi moja, ufute kundi zima kabla ya kusoma faili. Ila kuna mtego hapa ambao uliwahi kunilaza macho: `queue_free()` haifuti papo hapo, husubiri mwisho wa fremu, yaani picha moja ya skrini. Ukiongeza wapya kabla ya hapo, wa zamani bado wako chini ya mzazi yule yule, majina yanagongana, na injini inambadilisha mpya jina bila kukuuliza. Popote ulipotegemea jina hilo patavunjika. Basi kwa kila wa zamani, kwanza `remove_child()`, halafu `queue_free()`. Zote mbili.

Nasema zote mbili kwa sababu ya tatizo lako la pili. Abiria akifika ng'ambo, skripti yako inaita `remove_child()` na kuishia hapo. Umemshusha kwenye feri lakini hukumwacha aende kwao. Bado yuko kivukoni, haonekani, hajibu, anakula nafasi. Kila safari umeweka abiria 200, na safari ni dakika moja. Nusu saa ni watu 6,000 waliobaki, kila mmoja na picha yake, mgongano wake na kipima muda chake. Simu ya GB 2, ambayo sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo imeshachukuliwa na Android na programu nyingine, itavumilia hadi lini?

Rafiki yako hakukosea kabisa, ila amezungumzia lugha nyingine. Lua, iliyoanza Brazil mwaka 1993, ina mfagiaji anayepita na kuokota kila kisichofikiwa tena. Python nayo huhesabu wanaoshika kitu, na ina mfagiaji wa ziada kwa vitu vinavyoshikana vyenyewe kwa vyenyewe. GDScript haina mfagiaji. Vitu vya aina ya `RefCounted` huondoka hesabu ya wanaovishika ikifika sifuri. Nodi hazimo katika utaratibu huo: nodi huishi mpaka uifute mwenyewe, au mzazi wake afutwe ikiwa bado chini yake.

Hata kwenye `RefCounted` umejifunga. Darasa lako la Safari lina orodha ya Tiketi, na kila Tiketi inaishika Safari yake. Kila mmoja kamshika mwenzake mkono, hesabu haifiki sifuri kamwe, na safari zote za tangu asubuhi ziko pale pale. Tiketi ishike kitambulisho cha safari tu, au itumie `weakref()`, inayoshika bila kuhesabiwa. Mimi napendelea kitambulisho, maana ndicho hicho hicho utakachoandika kwenye faili.

Ukianza kufuta kwa haki, orodha yako ya `foleni` itabaki na abiria waliokwisha kufutwa, na kuwagusa ni hitilafu. Waondoe kwenye foleni wanaposhuka. Unaweza kuchungulia kwa `is_instance_valid()`, lakini ukijikuta umeiandika kila mstari, ujue bado hujaamua mwenyewe ni nani.

Kuhusu JSON au ResourceSaver: JSON. ResourceSaver ni rahisi, sikatai, lakini faili lake la `.tres` laweza kubeba skripti ndani yake, na skripti hiyo itaendeshwa faili likifunguliwa. Vijana watatumiana mafaili ya mchezo kwa WhatsApp, hilo huwezi kulizuia. JSON nayo ina vituko vyake. Namba zote hurudi zikiwa za desimali, ufunguo wa kamusi uliokuwa 7 hurudi ukiwa maandishi "7", na Vector2 (jozi ya x na y) hugeuka maandishi matupu. Ndiyo maana vitambulisho vyangu ni maandishi, na x na y nimeziandika mbali mbali. Ongeza pia namba ya toleo mwanzoni mwa faili, utanishukuru siku utakapoongeza bodaboda.

Usiandike juu ya faili la zamani moja kwa moja. Chaji ikiisha katikati, mchezaji amepoteza la jana na la leo. Andika `user://mpya.json`, lifunge, kisha ulibadilishe jina kwa `DirAccess` likalie la zamani. Na usisubiri mchezaji abonyeze kitufe. Hifadhi pia unapopokea `NOTIFICATION_APPLICATION_PAUSED`, kwa sababu Android ikikosa nafasi huiua programu iliyoko nyuma bila kubisha hodi. Mtu kapigiwa simu na mamake, akirudi mchezo haupo.

Ukimaliza hayo, endesha mchezo kutoka kwenye kihariri, fungua kichupo cha vipimo (Monitors) kwenye kitatuzi (Debugger), utazame idadi ya nodi yatima, zile zilizotolewa kwa mzazi bila kufutwa. Ikipanda kila feri inapotia nanga, ita `print_orphan_nodes()` ikutajie ni zipi. Utakutana na watu watakaokushauri utengeneze bwawa la abiria wa kutumia tena na tena. Subiri kwanza. Kwa abiria 200 kwa dakika huenda usilihitaji, na bwawa lililoandikwa vibaya humrudisha abiria wa jana na tiketi ya jana.

Nodi yatima zikikaa sifuri na simu bado inalemewa, tazama picha zako. Nimeona nne za mandhari, kila moja pikseli 4096 kwa 4096. Kwenye diski ni PNG ndogo, lakini isipobanwa kwa ajili ya kadi ya picha, kila moja hufunguka kuwa MB 64 kwenye kumbukumbu. Zote nne umezivuta mapema kwa `preload` katika skripti moja ambayo haifungwi mchezo mzima, yaani MB 256 kwa bahari ambayo mchezaji anaona pande moja tu kwa wakati. Zipunguze ziwe 2048, zitashuka hadi MB 16 kila moja, na uziite kwa `load()` pale zinapohitajika.