Gia ngumu na nyutro isiyopatikana: cha kuchunguza kabla ya kushusha injini

SWALI: Shikamoo fundi. Ninaendesha bodaboda kati ya Uyole na Igawilo, jijini Mbeya, kwa pikipiki ya cc 125 niliyoinunua ikiwa imetumika. Tangu baridi ianze, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo asubuhi, na nikisimama kumshusha abiria siipati nyutro (gia huru) mpaka nizime injini. Tena siku hizi nikitoka gia ya pili kwenda ya tatu, mara nyingine injini inalia tu na pikipiki haivuti. Fundi wa kijiweni amesema gia boksi imekwisha, injini ishushwe. Je, kuna ninachoweza kuchunguza nyumbani kabla sijatoa fedha?

JIBU: Marahaba. Kipo, na nusu ya jibu umeiandika wewe mwenyewe uliposema kwamba nyutro inapatikana ukizima injini. Gia boksi iliyokwisha haiponi kwa sababu injini imezimwa. Kinachobadilika pale ni kwamba meno ya gia hayasukumwi tena na injini, kwa hiyo yanaachiana kwa urahisi, na kazi ya kuyaondolea msukumo huo wakati injini inanguruma ni ya klachi. Tatizo la gia ya tatu linaweza kuwa na chanzo chake pekee, hivyo naomba tuyatenganishe.

Anza na jaribio hili, ambalo halikugharimu chochote. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, injini ikiwa imezimwa, kisha zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukibonyeza pedeli ya gia, ukipanda hadi gia ya mwisho na kurudi hadi ya kwanza. Ni lazima gurudumu lizunguke, kwa sababu gia zikiwa zimetulia meno yake yanaweza kugongana uso kwa uso na yakakataa kuingia hata kwenye pikipiki mpya, na nimeona injini nzima zikifunguliwa kwa kosa hilo la kupima gia huku gurudumu limesimama. Ikiwa gia zote zinaingia vizuri kwa njia hii, shughulikia klachi. Ikiwa zinakwama hata hapo, tatizo liko kwenye pedeli au ndani.

Klachi ya pikipiki yako ina pleti zilizopangwa kwa zamu, ya msuguano na ya chuma, zote zikiwa ndani ya oili ileile ya injini. Ukivuta mkono wa klachi, pleti hizo huachana kwa nafasi ndogo sana, na waya ukilegea kidogo tu haziachani zote, injini ikaendelea kuvuta gia ingawa umeshika klachi mpaka mwisho. Pima ulegevu wa mkono wa klachi, ambao mafundi tunauita plei, kwenye ncha yake: kwa pikipiki nyingi za aina hii unatakiwa kuwa kati ya milimita 10 na 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Ukizidi hapo, rekebisha kwanza kwa nati mbili zilizo chini karibu na injini, halafu malizia kwa kirekebishi kilicho juu kwenye usukani. Usiuondoe ulegevu wote, maana klachi itakuwa imeshikwa nusu muda wote, pleti zitateleza na kuungua, na utalijua hilo siku utakapopanda na abiria barabara ya Chunya kuelekea Kawetire, injini ikilia na mwendo ukipungua.

Uangalie na waya wenyewe. Hukatika nyuzi moja moja karibu na kichwa chake kwenye mkono wa klachi, na kila uzi unaokatika huufanya urefuke na kukwaruza ndani ya ganda. Ukikuta hata nyuzi chache zimekatika, nunua mpya. Ukiwa mzima, uning'inize wima, funga mfuko mdogo wa plastiki juu yake uwe kama mrija, udondoshee oili nyepesi mpaka itokee upande wa chini, kwani tope la njia ya Tukuyu hukaa humo ndani na kuganda. Ukishaurudisha, geuza usukani kulia na kushoto huku injini inanguruma ukiwa nyutro: mngurumo ukibadilika, kuna waya unaovutwa kwa sababu umepitishwa vibaya.

Kuhusu baridi, ni kweli kwamba asubuhi za Juni na Julai huko Uyole oili huwa nzito na pleti hung'ang'aniana. Washa injini, iache ipate joto, kisha vuta na kuachia klachi mara kadhaa kabla ya kuingiza gia. Kishindo kidogo cha gia ya kwanza ni cha kawaida. Hata hivyo, oili iliyozeeka au isiyofaa huzidisha ugumu huo, kwa hiyo tumia 20W-40 au 20W-50, kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza, yenye alama ya JASO MA, yaani ya pikipiki ambazo klachi yake iko ndani ya oili. Oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze. Unapomwaga oili ya zamani, ichunguze: unga laini wa kijivu usikutishe, lakini vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole vinamaanisha kwamba jambo limeshaingia ndani.

Sasa gia ya tatu. Mara nyingi gia hurudi hewani, yaani haishiki gia yoyote, kwa sababu mguu haukuifikisha mwisho. Pedeli iliyopinda baada ya kuanguka hugonga kava ya injini au sehemu ya kukanyagia kabla haijamaliza mwendo wake, na pedeli iliyokwisha meno hucheza kwenye shafti. Ishike kwa mkono uitikise: ikicheza wakati shafti imetulia, kaza bolti yake, na isipokaza, nunua pedeli nyingine. Nakusihi usikubali ichomelewe kwenye shafti. Joto huharibu sili ya oili iliyo nyuma yake, na fundi wa baadaye atalazimika kukata chuma kabla ya kufungua chochote.

Ikiwa pedeli ni nzima na gia ya tatu bado inarudi, angalia inavyorudi. Pedeli ikibaki inaning'inia bila kurejea mahali pake, mshukiwa ni springi ya kurudishia, ambayo kwenye injini nyingi za cc 125 hufikiwa kwa kufungua kava ya upande wa klachi pekee, bila kuitenganisha injini. Lakini gia ikiingia kabisa kisha ikaruka yenyewe unapoongeza mafuta, tena kila mara ileile ya tatu, basi meno yake yamelika au uma unaoisukuma umepinda, na hapo fundi wako atakuwa na haki ya kushusha injini.

Kwa maelezo uliyotoa, ningerekebisha waya na kukagua pedeli jioni ya leo, nikamwaga oili kesho, kisha nikaendesha siku mbili nikiipima gia ya tatu tu. Ikiendelea kurudi hewani, mwambie fundi afungue kwanza kava ya klachi, nawe uwepo anapoifungua.