Mgombea Ninaye, na Rozari Ninayo

Kila uchaguzi unapokaribia, ushauri ni ule ule: mtu wa sala aachane na siasa. Apige kura yake kimyakimya, arudi nyumbani, amwachie Mungu. Mimi nasali rozari kila siku, na nina msimamo mkali wa kisiasa. Mwaka 2022 nilimpigia Raila Odinga kura hapa Nakuru, kaunti ambayo wengi walimpigia William Ruto. Jumuiya yetu ndogo ndogo, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, ina Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya na Wakisii, na wengi wao hawakuwa upande wangu. Sijaona sababu ya kuuficha msimamo huo mbele yao wala mbele ya Mungu. Ila kuna jambo ninaloliangalia kila jioni kipindi cha kampeni, na ndilo ninalowashauri ninyi mnaojiandaa kwa Agosti 2027: jipime kwa yale unayomtakia aliye upande wa pili.

Sisi wa Nakuru tuna mfano wetu wenyewe. Baba Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki aliliongoza jimbo hili tangu 1971 hadi 1996. Kura ya mlolongo ya 1988 ilipoletwa, watu wakipangwa foleni hadharani nyuma ya mgombea wao, alikuwa miongoni mwa viongozi wa dini walioipinga bila kumung'unya maneno. Nyumba zilipochomwa Molo na Burnt Forest mwanzoni mwa miaka ya 1990, hakukaa kimya. Padre John Kaiser, mmisionari wa shirika la Kikatoliki la Mill Hill, alikwenda mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila, kueleza jinsi watu walivyofukuzwa mashambani mwao. Agosti 2000 alikutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha, na mwaka 2007 mahakama ya uchunguzi ikaamua kwamba aliuawa. Anayekwambia dini na siasa havikai pamoja, mwulize kuhusu watu hao wawili. Kilichowafanya waaminike ni kwamba watu ambao wao waliwatetea, wengi hawakuwa wa kwao. Ndingi alikuwa Mkamba kutoka Machakos. Kaiser alitoka Minnesota, Marekani.

Kisha ikaja 2007. Mwaka ule dini haikupungukiwa na siasa, ilikuwa nayo tele. Kulikuwa na unabii wa ushindi kwa kila mgombea, na baraka zikitolewa kwa kufuata kabila la anayebarikiwa. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba, na siku mbili baadaye, tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Moto ule ulifika Nakuru mwishoni mwa Januari. Nchi nzima waliuawa zaidi ya watu 1,100. Februari, Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa waliegemea upande na kwa sababu hiyo walishindwa kuikemea hali ile. Naiheshimu sana taarifa ile. Naomba kila katekista na kila mwenyekiti wa jumuiya aikumbuke kabla ya kumpa mgombea nafasi ya kusalimia waumini.

Sasa nije kwenye tunayoyafanya.

Katika maombi ya waumini, wakati wa kampeni, tunawaombea wagombea kwa majina. Mwaka 2022 walikuwa wanne: Ruto, Odinga, Wajackoyah na Mwaure. Tulikubaliana kwamba kila mmoja wetu amwombee yule asiyemtaka. Ni jambo dogo likisemwa, na ni gumu likifanywa. Ukisema "tunawaombea viongozi wetu" unaweza kuwa na hasira kifuani na usiguswe. Ukisema "Ee Bwana, mlinde William, mpe afya, mpe hekima, wabariki watoto wake," ulimi wenyewe unakukamata. Kuna mama mmoja, mtu wangu wa karibu, aliyefika kwenye jina akanyamaza. Tukamngoja. Aliuma mdomo, akaangalia mshumaa, akalitaja jina kwa sauti ya chini, kisha akaongeza ombi ambalo hakuna aliyemwagiza: kwamba akishinda, asimsahau mama muuza mboga wa soko la Kaptembwo. Hapo siasa ilikuwamo, tena siasa halisi, na chuki haikuwamo. Hakubadilisha kura yake. Wala mimi sikubadilisha yangu.

Nasisitiza majina kwa sababu nimeona jumuiya zinazoombea "amani" kila wiki na bado watu wake hawasalimiani dukani. Amani kwa jumla ni rahisi mno kuiombea.

La pili ni ukweli, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona watu wa sala wengi wanalichukulia kama suala la wanasiasa na wanahabari tu. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikuweka kando ujumbe uliotumiwa na mtu mwingine nawe ukausambaza. Kati ya tarehe 9 na 15 Agosti 2022 nchi ilikesha kwenye simu. Vyombo vya habari vilikuwa na hesabu zinazopishana, na kila kundi lilikuwa na picha ya "fomu" inayothibitisha wizi. Lakini tume ya uchaguzi ilikuwa imeziweka Fomu 34A, fomu za matokeo ya urais vituoni, kwenye tovuti yake, moja kwa kila kituo kati ya vituo 46,229, na mtu yeyote mwenye simu angeweza kuzifungua. Fomu yenyewe ni karatasi ya kawaida: jina la kituo, kura za kila mgombea, kura zilizokataliwa, jina na sahihi ya msimamizi wa kituo, na sahihi za mawakala chini yake.

Ushauri wangu ni huu. Tafuta fomu ya kituo ulichopigia wewe. Matokeo hubandikwa mlangoni mwa kituo baada ya kuhesabu. Nenda uyaangalie kwa macho yako, au mtume kijana ayapige picha, kisha yalinganishe na yaliyo kwenye tovuti. Hilo unaweza kulisemea kwa dhamiri safi. Kituo usichokijua, cha kaunti usiyowahi kukanyaga, usikisemee mpaka uwe na zaidi ya picha uliyotumiwa usiku wa manane na mtu ambaye naye katumiwa. Na ukikuta tofauti ya kweli, usijifanye hujaiona kwa kisingizio cha amani. Iandike, ipeleke kwa wakala wa chama au kwa waangalizi. Mungu hahitaji tumfichie makosa ya tume. Jaji Mkuu wa wakati ule, David Maraga, mzee wa kanisa la Waadventista ambaye alipohojiwa kwa kazi ile alieleza wazi kwamba Sabato yake haichezewi, aliongoza mahakama iliyofuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba 2017 kwa sababu taratibu zilikiukwa. Nadhani ni mtu aliyezoea kutii amri hata pale inapomgharimu.

Kuhusu maneno, sisi tuna sheria isiyo na mjadala. Mtu akisema "madoadoa," maana yake watu wa kabila lisilotakiwa mahali hapo, au akizungumzia kung'oa kwekwe huku kila mtu akijua kwekwe ni nani, mkutano unasimama pale pale. Bonde la Ufa linajua maneno hayo yalitangulia nini. Tume ya Utangamano, NCIC, ililiweka madoadoa kwenye orodha ya maneno ya chuki mwaka 2022, lakini sisi hatukuhitaji orodha. Anayesimamisha lazima awe mtu wa upande wa aliyesema. Mpinzani akikukemea unaona siasa. Ndugu yako wa mrengo mmoja akikushika mkono na kusema "dada, hilo hapana," huna pa kujificha.

Hela za wanasiasa sina mengi ya kusema juu yake. Kanisa la Anglikana lilipiga marufuku wanasiasa kuhutubia ibadani mwaka 2021, chini ya Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza mchango wa Rais kwa parokia ya Soweto urudishwe. Paa la kanisa lingoje mwaka mmoja zaidi. Halitakufa.

Kipindi kigumu kuliko vyote ni baada ya kura, hasa ukishindwa. Tarehe 5 Septemba 2022 Mahakama ya Juu iliidhinisha ushindi wa Ruto, na siku kadhaa sala zangu zilikuwa malalamiko matupu. Sikujizuia. Zaburi zimejaa malalamiko, na nadhani Mungu anapendelea tumlalamikie yeye kuliko tumlalamikie jirani mlangoni pake. Kwa aliyeshindwa ningesema: usikimbilie kusema "nimekubali, ni mapenzi ya Mungu" wakati moyo haujakubali. Kuna watu waliolisema hilo haraka, na uchungu ukawaota ndani miaka miwili. Na kwa aliyeshinda: siku ya kwanza usimtumie mtu wimbo wa ushindi. Mpigie simu uulize watoto wanaendeleaje.

Kisha angalia kilichotokea kwa wakuu wenyewe. Machi 2018 Uhuru Kenyatta na Raila walipeana mkono mbele ya Harambee House, ofisi ya Rais, baada ya mwaka mzima wa damu na matusi. Machi 2025 Raila na Ruto wakatia sahihi mkataba wa kushirikiana. Oktoba mwaka huo Raila akafariki, na waliokuwa wapinzani wake wakubwa wakasimama kumsifu. Silalamikii mapatano hayo. Nilimpenda mzee yule na ninamwombea pumziko. Lakini hapa mtaani kwetu kuna ndugu wawili waliouziana maziwa na unga kwa miaka, wakaacha kusalimiana Agosti 2022, na mkataba ule uliwakuta bado hawasalimiani. Hakuna mkuu aliyekuja kuwapatanisha. Kazi hiyo imebaki kuwa ya jumuiya, na inachukua muda mrefu kuliko kampeni.

Kwa hiyo, ikiwa kuna mtu uliyemkosea au aliyekukosea kwa sababu ya uchaguzi uliopita, usingoje upatanisho wa jumla wala warsha. Injili ya Mathayo inataka uiache sadaka yako pale mbele ya madhabahu, uende kwanza. Nenda nyumbani kwake, na usiende mikono mitupu; sukari kilo moja yatosha. Usianze na siasa. Usiombe msamaha kwa msimamo wako, maana msimamo si kosa, na akikuomba uukane, kataa kwa upole. Ongea juu ya yale mliyotendeana: jina lile uliloitwa, mkopo ule aliokukatalia, mtoto aliyekatazwa kucheza. Akikupa chai, kunywa. Asipokupa, rudi tena baada ya wiki mbili.

Kura ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Sisi tumekubaliana kuanza mapema. Orodha ya wagombea wa urais ikishathibitishwa na tume, katibu ataandika majina yote kwenye vikaratasi, na kila mtu atapewa jina la yule ambaye hatampigia kura, amwombee hadi siku ya kiapo. Vijana wawili wamejitolea kuwa waangalizi. Mimi nitampigia debe mgombea wangu mchana kutwa, kama kawaida, na jioni nitaketi na wenzangu tukiwa na vikaratasi mkononi.