Presha ya HPLC inacheza? Iacheni kolamu kwanza, anzeni na chupa

Mkuu uliyeuliza kuhusu HPLC yenu (ile mashine ya maabara inayosukuma kimiminika kwa presha ili kutenganisha na kupima kemikali za kwenye sampuli), kwamba presha inapanda mpaka bar 160 inashuka 110 kila baada ya sekunde chache, kolamu mpya (lile bomba ambamo kemikali zinatenganishwa) mmeshaweka lakini wapi, nakujibu kwa urefu maana hili jambo limenitesa sana.

Kolamu ikiziba presha inapanda na inabaki hukohuko juu, haichezi. Ikicheza hivyo mara nyingi shida iko nyuma, kwenye pampu au kabla ya pampu. Sasa iangalie inachezaje. Kama ina mpigo unaojirudia, shusha mwendo kutoka ml 1 kwa dakika hadi 0.5, na mpigo nao ukipungua kasi nusu ujue unafuata pistoni, yaani kuna hewa kwenye kichwa cha pampu au chek valvu (inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu) inanata au sili (ile inayozuia maji kuvuja kwenye pistoni) imeisha. (Kama mnaendesha gradienti, yaani mnabadilisha mchanganyiko wa vimiminika kidogokidogo kazi ikiendelea, presha kubadilika taratibu ni kawaida, maji na methanoli vikikaribiana nusu kwa nusu mchanganyiko unakuwa mzito kuliko kila kimoja peke yake.)

Mimi nipo maabara ya kupima dawa hapa Dar. Kuna mwaka ilitupata hiyohiyo, nikawa na uhakika ni sili, tukaagiza, tukasubiri wiki tano sampuli zimejaa kwenye friji na wateja wanapiga simu kila siku, sili zikafika nikafunga, ikacheza vilevile. Niliumia kweli. Kumbe bafa ya fosfeti (maji ya chumvi yanayotunza kiwango cha asidi) tuliiacha kwenye chupa sikukuu ya Idd ikaungana na wikiendi, AC imezimwa, na kwa joto la hapa ikaota utelezi ukaziba kile kifilta cha chini ya mpira wa kunyonyea. Pampu ilikuwa inavuta kwa shida, haijazi vizuri. Nilivyochomoa kile kifilta nikaweka mpira mtupu kwenye maji safi yaliyochujwa, presha ikatulia palepale. Wiki tano!

Kwa hiyo fungua mpira unaoingia kwenye pampu, chupa ikiwa juu, uone maji yanashuka yenyewe kwa mtiririko mzuri au yanadondokadondoka. Yakidondoka hapo ndo pa kuanzia.

Halafu kitu ambacho sisi wa Dar tunakifanya sana, tunaweka bafa kwenye friji kwa sababu ya joto, asubuhi tunaitoa moja kwa moja kwenye mashine. Maji baridi yanashika hewa nyingi, yakipata joto yanaitema, mapovu yanaingia kwenye pampu. Iache chupa ifikie joto la chumba ndo uichuje na kuitoa hewa, kisha fungua valvu ya kutolea hewa upitishe ml 5 kwa dakika kwa dakika kadhaa.

Ikigoma ndo uende kwenye chek valvu, hasa kama kimiminika mnachopitisha ni asetonitraili, ile inaacha utando kwenye kile kijiwe cha rubi kinanata kinashindwa kukaa. Usikimbilie kununua. Safisha kwanza mfumo wote kwa maji ili bafa itoke, la sivyo chumvi itaganda ndani ukiweka kemikali, halafu itoe valvu uitie kwenye isopropanoli (aina ya spiriti) ndani ya mashine ya mawimbi ya sauti dakika 15 hivi, irudishe mshale ukielekea juu. Usiiguse kwa vidole vitupu.

Sili nazo ukiona unyevu au unga mweupe nyuma ya kichwa cha pampu ndo zenyewe. Hapa umeme ukikatika katikati ya kazi bafa inakauka kwenye pistoni na zile chembe za chumvi zinakwangua sili, kwa hiyo umeme ukirudi pitisheni maji kwanza kabla ya chochote, hili naomba mlisimamie kabisa.

Jioni ukipata muda hakiki kama pampu inasukuma kiasi sahihi: weka ml 1 kwa dakika, kinga kwenye flaski ya kupimia ya ml 10, inatakiwa ijae dakika 10. Uje useme hapa imechukua ngapi, na bafa mnayotumia ni ipi na ina siku ngapi kwenye chupa.