"Run" ina maana ngapi jamani?

SWALI: Dada shikamoo. Mwanangu wa darasa la tano alipewa homuweki, achore sentensi "the tap is running", akachora bomba lina miguu linakimbia! Nikamwambia ni bomba linatoka maji, akanijibu mbona mwalimu alisema run ni kukimbia. Nikakwama. Hivi hilo neno lina maana ngapi? – Mama wa Morogoro

JIBU: Marahaba mama. Mtoto hajakosea kufikiri, ni neno lenyewe ndo gumu, limewatoa jasho hadi watunga kamusi. Kwenye kamusi kubwa ya Oxford toleo la 1989, neno lililokuwa linaongoza kwa wingi wa maana ni "set", ila walipokuja kuipitia "run" upya kitenzi peke yake wakakihesabia maana 645, na Peter Gilliver aliyepewa kazi hiyo alikaa nayo miezi tisa, neno moja tu hilo! Pua ikitoka makamasi ni run, injini ikiwa inawaka ni run, kuendesha duka, kugombea urais kule Marekani, hata kitenge kipya ukikiloweka kikachuja rangi beseni lote likawa jekundu, nayo ni run.

Mwonyeshe "piga" yetu ataelewa haraka. Tunapiga simu, tunapiga pasi, mswaki, deki, kura, na hapo hakuna anayechapwa. Kwenye daftari asiandike run peke yake, aandike na mwenzake, bomba na run, pua na run, halafu achore hivyo hivyo, michoro yake mi naipenda sana.