Kabla Hujamwachia Fundi Akate Tangi la Pikipiki Yako

Nilipopanga kwenda Loiyangalani, ufuoni mwa Ziwa Turkana, sikuwaza matope wala mchanga. Niliwaza petroli tu. Tangi la pikipiki yangu ya cc 150 huingia lita 11, na marafiki wa steji walishaniapia kwamba zitaniishia njiani nisukume chombo hadi nilie. Kwa hiyo nikatafuta fundi.

Wa kwanza, welda wa jua kali, alitaka kulikata tangi lenyewe, aliongezee bati juu kisha achomelee. Akasema atalimwaga, alikaushe juani, kazi ianze. Hapo niliondoka. Tangi tupu ndilo la kuogopwa zaidi, maana mvuke wa petroli hubaki humo ukichanganyika na hewa, na cheche moja inatosha. Hata likisalimika, ukichomelea unaunguza rangi ya nje na kuacha kutu ndani, na ile kutu itakuja kuketi kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini, siku usiyoitaka.

Wa pili alikuwa na wazo lililonipendeza: tangi la pili nyuma, juu ya karia ya mizigo, na mpira wa kuleta petroli kwenye kabureta. Nikaenda Grogan, mtaa wa vipuri Nairobi, nikanunua mpira, klipu na kiungio cha njia tatu. Mtungi ulikuwa wa plastiki, wa mafuta ya kupikia, lita tano (ndiyo, najua). Nikawasha, nikazunguka mtaa, injini ikazima baada ya dakika chache. Shida haikuwa petroli, ilikuwa hewa. Tangi lisipopumua, petroli ikishuka huacha ombwe nyuma yake, na ombwe huivuta isitoke. Ndiyo maana kifuniko cha tangi la kiwandani kina kitundu kidogo. Nikachoma msumari jikoni, nikautoboa mtungi wangu kwa juu. Nikajiona mhandisi.

Jioni ile niliegesha mlangoni, koki zote mbili zikiwa wazi. Tangi la mbele liko juu kuliko karia. Sasa fikiria: vyombo viwili, mpira mmoja, kimoja juu, kingine chini. Petroli ikatoka mbele ikateremka hadi kwenye mtungi, ukajaa, ikaanza kutokea kwa kile kitundu changu cha msumari, ikatiririka hadi kwenye saruji. Milango miwili mbele yangu jirani alikuwa akipika chapati nje kwa jiko la makaa.

"We baba, hiyo harufu ni ya nini?"

Sikumjibu. Nilifunga koki, nikamwambia aondoe jiko, na nadhani nilimwambia kwa sauti ambayo hadi leo hajanisamehe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hauendi juu kama moshi. Hutambaa chini sakafuni, huko huko mahali majiko yetu yanapokaa.

Baada ya usiku huo ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya mwanzo: hesabu. Nilijaza tangi hadi mdomoni, nikaenda Naivasha na kurudi, nikajaza tena. Kilomita 180 hivi, lita nne. Hiyo ni lami, bila mzigo. Kwa mchanga na mizigo nikajipa kilomita 30 kwa lita. Kutoka Maralal, ambako ningejaza tangi, hadi Loiyangalani ni kama kilomita 230, kwenda na kurudi 460, yaani lita 15 na kidogo. Kumbe pengo langu lote lilikuwa lita nne na kidogo! Baragoi, mji ulio njiani, petroli hupatikana, ila sikutaka kuitegemea.

Kwa pengo hilo huhitaji mpira wala kiungio. Nunua mtungi wa chuma wa lita tano uliotengenezewa petroli, wenye kifuniko chenye mpira wa kuzibia. Lita tano za petroli hazifiki kilo nne, kwa hiyo pikipiki haitayumba ukiufunga chini na karibu na kiti. Ekzosi yangu iko kulia, basi mtungi ukakaa kushoto. Nikaufunga kwa kamba za tyubu kuukuu, halafu nikazikagua kila niliposimama, kwa sababu barabara ya vifusi hulegeza kila kitu pamoja na meno.

Ukiujaza kituoni, uteremshe uweke chini kwanza. Ukiwa juu ya karia, umeme tuli hauna njia ya kushuka ardhini. Na usijaze hadi juu. Petroli hutanuka karibu asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za joto, na kutoka asubuhi ya Nairobi hadi mchana wa Turkana utapanda zaidi ya hizo.

Kumimina ni kwa faneli yenye wavu, injini ikiwa imepoa. Hapa wengi hukosa subira. Mimi niliketi chini ya mgunga karibu na South Horr kwa nusu saa nikitafuna njugu, watoto wawili wakinitazama kana kwamba nimeharibikiwa. Niliwaambia nangoja pikipiki ipumue. Mmoja akaigusa injini kwa ncha ya fimbo, akatikisa kichwa: bado.